Moshi, Mji Uliozaliwa na Mibuni

Ukifika Moshi nakuomba jambo moja gumu: kwa siku moja tu, usiutazame mlima.

Najua ni ombi la ajabu. Kibo ikijifunua saa kumi na mbili asubuhi, hata dereva wa bodaboda aliyezaliwa hapahapa anageuza shingo. Lakini mlima una watangazaji wa kutosha. Leo twende tukaangalie kitu kilicho kati ya mji na theluji, kitu ambacho wageni wengi wanakipita ndani ya gari wakiwahi geti la Marangu au la Machame. Ni ule mshipi wa kijani wa migomba na mibuni uliozunguka ubavu wa kusini wa Kilimanjaro. Hoja yangu ni kwamba mji wa Moshi umezaliwa na mshipi ule, na ukiusoma mji bila kuisoma miti yake utabaki na majengo machache ya kupigia picha, basi.

Wazo hili lilinijia nikisoma habari za mbali kabisa. Kusini mwa Hispania, katika mkoa wa Jaén huko Andalusia, kuna miji miwili jirani, Úbeda na Baeza. Imejengwa juu ya mwinuko, na pande zote imezungukwa na mizeituni iliyopangwa mistari hadi macho yanapoishia. Mkoa mzima una mizeituni zaidi ya milioni 60. Miji yenyewe ina makasri na makanisa ya karne ya 16, na mwaka 2003 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni akienda kule hachagui kati ya historia na mashamba. Anasimama ukingoni mwa mji, anaviona vyote kwa pamoja.

Na wala si mbali na sisi kama unavyodhani. Tunda la mzeituni Mhispania analiita *aceituna*, sisi tunaliita zeituni. Wote tumelichota neno kwenye kisima kimoja, Kiarabu, kwa kuwa Waislamu waliitawala Andalusia kwa karne kadhaa. Tena mzeituni wenyewe tunao! Kwenye misitu mikavu ya Kilimanjaro, upande wa kaskazini na magharibi, unaota mzeituni mwitu. Wanasayansi wanauweka katika spishi ileile ya mzeituni wa Hispania, *Olea europaea*, ila nususpishi tofauti. Wamaasai huutumia kufukizia vibuyu vya maziwa.

Lakini mzeituni mwitu haukujenga mji. Mti uliojenga mji hapa kwetu ni mwingine, nao umejificha. Sasa basi, tuanze safari. Tutatoka chini kwenda juu, na utaona kwamba kila tunapopanda mita mia kadhaa, tunarudi nyuma miaka kadhaa.

Stesheni: mwaka 1911

Anzia stesheni ya reli. Wajerumani walianza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kujikokota kando ya milima ya Usambara na Upare, na mwaka 1911 ikafika hapa. Usisahau kwamba ilifika *hapa*, tambarare, mita kama 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Haikupanda hadi Moshi ya wakati ule, iliyokuwa juu kwenye kilima. Garimoshi la siku zile halikuweza kupanda mteremko ule, kwa hiyo mji ndio uliolazimika kulifuata. Maduka, maghala na ofisi zikaanza kuota kuzunguka stesheni. Huo ndio mji tunaouita Moshi leo.

Kwa nini watu walete chuma kutoka baharini hadi huku bara? Mzigo! Serikali ya kikoloni na walowezi walitaka kutoa mazao kwenye udongo mweusi wa volkano, na zao lililokuja kuushika mkoa huu kuliko mengine yote lilikuwa kahawa. Baadaye reli iliunganishwa na Voi, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kuonekana Moshi, ikarudi Desemba 2019. Kama uko Dar es Salaam na una subira, ipande. Utaingia mjini kwa mlango uleule mji ulipozaliwa.

Katikati ya mji: nani aliruhusiwa kulima kahawa?

Kutoka stesheni panda taratibu kuelekea Mnara wa Saa. Njiani na pembezoni utasoma kahawa kila mahali kama una macho ya kuisoma. Makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania yako Moshi. Mnada wa kahawa wa kitaifa kwa miaka mingi umefanyika Moshi. Kiwanda kikubwa cha kukoboa kahawa, TCCCO, kiko Moshi. Chuo Kikuu cha Ushirika nacho kiko Moshi, na hilo si bahati nasibu, kama utakavyoona sasa hivi.

Simama mbele ya jengo la KNCU. Watu wengi wanapita hapa wakitafuta benki au kivuli. Wewe simama. Herufi zile nne zinabeba moja ya visa vikubwa vya siasa ya uchumi katika Afrika Mashariki.

Miaka ya 1920, chini ya Waingereza, Wachagga walikuwa wanapanda kahawa kwa kasi kwenye mashamba yao wenyewe. Afisa mmoja wa serikali, Charles Dundas, aliwahimiza. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa chini kidogo ya vijiji hawakufurahi hata kidogo. Walisema mibuni ya Waafrika itasambaza magonjwa, na kahawa yao itaharibu jina la kahawa ya Kilimanjaro. Kulikuwa na hofu nyingine pia: mtu mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua kwenye kahawa ya mwingine.

Linganisha na jirani zetu wa Kenya. Kule serikali ya kikoloni ilisikiliza walowezi, na Waafrika wakazuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, na hata baada ya hapo kwa muda mrefu waliruhusiwa kidogokidogo tu, maeneo machache. Mlima mmoja, mpaka mmoja, ila historia mbili tofauti kabisa.

Huku Kilimanjaro wakulima hawakukaa kusubiri huruma. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ili kulinda haki yao ya kulima kahawa, kupambana na wadudu na magonjwa, na kuuza kwa pamoja. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika kupitishwa mwaka 1932, nafasi ya KNPA ilichukuliwa na chama kikuu kipya kilichoandikishwa mwaka 1933: Kilimanjaro Native Cooperative Union, yaani KNCU, miongoni mwa vyama vya ushirika vikongwe kabisa barani Afrika.

Lakini tusiipake historia rangi ya asali. KNCU haikuwa pepo. Ilipofika katikati ya miaka ya 1930, mkulima alikuwa analazimishwa kuuza kahawa yake kupitia chama hicho tu, na bei ilikuwa mbaya. Mwaka 1937 hasira ikalipuka, na katika baadhi ya vijiji watu wakavamia maghala ya ushirika wao wenyewe. Fikiria: miaka kumi na mbili tu baada ya kuungana kuilinda kahawa, wanavunja milango ya ghala walimoiweka. Walichotaka kilikuwa kilekile cha mwanzo, yaani mwenye mti awe na sauti juu ya bei. Ukisikia leo wakulima wakilalamika kwenye mkutano wa chama cha msingi, ujue unasikiliza mjadala wenye umri wa karibu miaka mia.

Kabla hujaondoka mjini, tafuta kibao cha barabara kilichoandikwa Rindi Lane. Jina hilo ndilo tiketi ya hatua inayofuata.

Old Moshi: kabla ya reli

Panda daladala inayokwenda Kidia, Old Moshi. Masikio yataziba kidogo, hewa itapoa, na barabara itaanza kujipinda kati ya migomba. Hapa juu ndipo Moshi ya kwanza ilipokuwa, makao ya Mangi Rindi, ambaye kwenye vitabu vingine anaitwa Mandara.

Rindi alitawala katika nusu ya pili ya karne ya 19, na alikuwa mwanasiasa wa biashara. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilipita ubavuni mwa mlima huu kuelekea bara. Msafara wa mamia ya wapagazi unahitaji vitu viwili kabla ya vyote, chakula na maji, na nyika iliyozunguka mlima haikuwa navyo vya kutosha. Vihamba vilikuwa navyo. Ndizi zililisha misafara, misafara ikaleta vitambaa, shanga, bunduki na habari za pwani, na mangi aliyejua kuikaribisha akapata nguvu juu ya jirani zake. Kwa hiyo hata Moshi ya kwanza, kabla mtu yeyote hajapanda mbuni hapa, ilisimama juu ya mashamba yake.

Mwaka 1885 Rindi aliweka mkataba na Wajerumani, akidhani amepata mshirika mwingine wa kumtumia dhidi ya wapinzani wake kama Mangi Sina wa Kibosho. Alifariki mwaka 1891. Mwanawe, Meli, aliurithi utawala pamoja na matatizo yake. Juni 1892 wapiganaji wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akapoteza maisha. Wajerumani walirudi mwaka 1893 na jeshi kubwa zaidi, wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na Wameru. Wenyeji watakuonyesha mti aliponyongewa.

Simulizi za hapa zinasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miongo mingi. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyomo kwenye hifadhi zake na familia zilizo hai Tanzania. Fuvu moja lilikuwa la mtu aliyeitwa Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. Meli mwenyewe hakupatikana. Ukisimama chini ya mti ule, tafadhali usipige picha ya kutabasamu. Hapa bado kuna matanga.

Nimekuleta kwenye mti huu kwa sababu. Miaka ileile, wamisionari Wakatoliki waliokuwa Kilema, mashariki ya hapa, walikuwa wameanza kupanda mibuni. Mbegu yao ilitokana na ile ya kisiwa cha Réunion, zamani kikiitwa Bourbon, iliyopitia misheni ya Bagamoyo. Ukisikia wataalamu wa kahawa wakitaja aina ya Bourbon, ndiyo hiyo. Kahawa ilifika Kilimanjaro wakati mamangi wanapoteza mamlaka yao. Kizazi kilichowaona wakinyongwa ndicho kilichokuja kupanda miche ya kwanza, na watoto wao wakaunda KNPA. Ardhi na mti vilikuwa sehemu ya uwezo wa kuamua mambo ambayo bado ilikuwa mikononi mwao.

Kihambani: mbuni umejificha wapi?

Sasa shuka kwenye gari. Ukiwa Úbeda unaiona mizeituni tangu mbali, imesimama kama askari gwarideni. Hapa uko katikati ya mojawapo ya sehemu maarufu za kahawa duniani na huoni kahawa! Unaona migomba. Juu ya migomba unaona miti mirefu: mringaringa, mruka, mgrivea. Inamisha kichwa, ingia ndani. Kumbe mibuni ndiyo hiyo hapo, kwenye kivuli.

Hiki ndicho kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga. Ni ghorofa nne za mimea kwenye kiwanja kimoja. Juu kabisa miti ya mbao, kuni na dawa. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni. Chini ya mibuni, magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu zaidi ya spishi 500 za mimea kwenye vihamba vya mlima huu, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mashamba machache duniani yana utajiri huo.

Mbona mbuni umekubali kuishi chini ya mgomba? Jibu liko kwao, Ethiopia. Mbuni wa arabika asili yake ni mti mdogo wa chini ya msitu, kwenye nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Jani lake hushiba mwanga mapema, kabla jua la mchana halijafikia ukali wake. Ukiuweka juani kabisa utazaa kwa pupa, kisha utachoka, na utadai mbolea nyingi. Ukiuweka kwenye kivuli chepesi utazaa kwa kiasi, na baridi ya miinuko itaifanya tunda liive polepole. Kwa hiyo wakulima wa Kilimanjaro hawakulazimika kufyeka vihamba ili kupokea zao la biashara. Waliliingiza kwenye ghorofa iliyokuwa wazi. Mbuni ulikuta nyumba imeshajengwa, ukapewa chumba.

Nyumba hiyo inaendeshwaje? Kwa mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa samadi. Ng'ombe na mbuzi wanafungwa zizini. Majani ya kuwalisha yanatoka kihambani na mengine yanabebwa kutoka mashamba ya tambarare, na kwa miaka mingi waliobeba ni akina mama, kichwani, wakipanda mlima. Samadi inarudi kwenye mgomba na mbuni. Wa pili ni wa maji. Mjini mvua haifiki milimita 1,000 kwa mwaka, lakini msituni, kama mita 2,200 juu, inapita 2,000. Mababu walichimba mifereji inayoitwa mifongo, mamia kwa mamia, kuyaleta maji ya mito kwenye vihamba kwa nguvu ya mteremko tu. Hakuna pampu. Kila mfongo una watu wake, zamu zake na faini zake, na anayekwepa kazi ya kuusafisha anajulikana kijiji kizima. Wahispania nao wana mifereji ya aina hiyo kule Andalusia, na zamu za maji, na ugomvi wa zamu za maji. Binadamu ni yuleyule.

Ukiwa hapo utaona mmea wenye majani marefu kama panga kwenye mipaka. Ni isale. Linaweka mpaka, na jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea unapoomba msamaha. Angalia pia makaburi. Wachagga wengi huzikwa kihambani, karibu na nyumba. Ndiyo maana kila Desemba mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa hadi nauli inakuwa gumzo la taifa. Watu wanakwenda kwenye Krismasi, sawa, lakini pia wanakwenda kwa waliolala chini ya migomba.

Sehemu inayouma

Hadi hapa hadithi ni tamu, na nisingependa kukudanganya kwa kuishia hapo. Vihamba vingi leo vina mibuni michache, mizee, au havina kabisa.

Sababu ziko nyingi na zimepandana. Miaka ya 1960 uliingia ugonjwa wa chulebuni, ukungu unaoozesha tunda likiwa bado bichi. Jina lake la kisayansi ni *Colletotrichum kahawae*, na ndiyo, neno lile la mwisho limetokana na kahawa yetu. Kupigana nao kunataka dawa za shaba kama mrututu, tena mara kwa mara kila msimu, na dawa ni pesa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo. Vilirudishwa miaka ya 1980, lakini imani iliyovunjika hairudishwi kwa tangazo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa kiasi cha kahawa cha kila nchi ulisambaratika na bei ya dunia ikaporomoka. Na wakati wote huo ardhi haikuongezeka. Baba mwenye kihamba cha ekari mbili na wana wanne, hesabu ifanye mwenyewe.

Hili mimi sijalisoma tu. Mwaka jana nilikwenda kwa bibi yangu na daftari la utafiti. Kihamba chake hakifiki ekari moja, na kina mibuni aliyoipanda babu. Baba mdogo, ambaye kwa mila yetu kama kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, alitaka kung'oa yote na kupanda parachichi. Aliniita mimi msomi nimpigie hesabu. Nikapiga. Nikaweka gharama za dawa, vibarua wa kuchuma, bei ya kilo, nikapata hasara. Nikasema, "Ba'mdogo, kwa namba hizi, kahawa haikulipi."

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akauliza taratibu, "Na kivuli umekiandika?"

Sikukiandika. Wala sikuandika majani ya mgomba yanayofunika udongo ule, wala ndizi zinazopata samadi na maji kwa jina la kahawa, wala magimbi yaliyotulisha mwaka ambao mvua ilichelewa. Nilikuwa nimetoa ghorofa moja kwenye nyumba ya ghorofa nne, nikaipima peke yake, nikatangaza nyumba nzima ni hasara. Kwa mtu anayesoma ikolojia, ile ni aibu.

Lakini baba mdogo naye hakuwa mjinga. Aliniambia, "Kivuli hakilipi ada." Na kweli hakilipi. Ada ya baba yangu ililipwa na mibuni ileile, kama ilivyokuwa kwa maelfu ya watoto wa mlima huu ambao shule zao zilijengwa na kahawa. Sasa mibuni imeacha kulipa, halafu sisi tuliosomeshwa nayo tunarudi kutoka mjini na kumwambia aliyebaki nyumbani aitunze kwa sababu ni historia. Hapo nani anabeba gharama ya historia?

Walikubaliana nusu. Mibuni iliyochoka ilitolewa, na baadhi ya nafasi ikapewa miche ya aina mpya inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, kazi ya watafiti wa kituo cha kahawa cha Lyamungu, ambacho kipo tangu mwaka 1934. Parachichi nne zilipandwa upande wa chini. Migomba haikuguswa. Sijui kama ni jibu sahihi. Ni jibu la familia moja.

Hapa ndipo tofauti yetu na Úbeda inapoonekana. Kasri la mawe likishaingia kwenye orodha, mlinde paa lisivuje, litasimama miaka mia nyingine. Kihamba hakisimami chenyewe. Kila asubuhi mtu lazima aamke, akate majani, atoe samadi, asafishe mfongo. Shimbwe Juu, huko Uru, kihamba kilitambuliwa mwaka 2011 na FAO kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini cheti hakikati majani ya ng'ombe.

Ukienda

Kwa hiyo ukienda Moshi, nenda hivi. Anza stesheni, pita KNCU, panda Old Moshi, kisha omba kuingia kihambani kwa mtu. Usijiingize tu, hapo ni nyumbani na ni makaburini. Amkia wazee. Ukikaribishwa mbege, onja japo kidogo. Nenda msimu wa kuchuma kama unaweza, utaona tunda jekundu likimenywa, likiloweshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Ukienda mibuni ikiwa imechanua baada ya mvua, utasikia harufu kama ya asumini kabla hujaona ua hata moja.

Na uliza bei. Muulize mwenye shamba amelipwa kiasi gani kwa kilo msimu uliopita, kisha shuka mjini, ingia mgahawa wa KNCU, agiza kikombe kimoja, tazama risiti. Piga hesabu kilo moja inatoa vikombe vingapi. Hilo ni zoezi zuri kuliko mengi tuliyofanya darasani.

Bibi yangu, kwa taarifa yako, hanywi kahawa. Miaka yote ameilima, ameichuma, ameianika, na asubuhi anakunywa chai. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka sana. "Mjukuu wangu," akasema, "hii ilikuwa ya kuuza."